Mnyororo Uliolegea

Miaka kumi na minne nimepiga harusi za Tanga,
Makorora, Mabawa, Chuda hadi Pongwe.
Najua pa kumwaga maua kwenye kioo,
pa kuuweka ule moyo mwekundu unaopigapiga,
na shangazi yupi atanuna
asipoonekana akitunza.

Kisha nikaketi kwenye dawati la mtoto,
darasa la kuazima, shule zimefungwa,
wanafunzi tisa, kamera tatu,
feni moja inayozunguka kwa kujifikiria.

Mwalimu Semkiwa akaitazama kazi yangu dakika mbili,
akanywa maji.
"Mwanakheri, hapa kila kitu kinacheza.
Nani anaishi?"

Sikulala.

Zoezi la kwanza: dakika moja, kitu kimoja.
Usivute, usisogeze, usiongeze.
Nikapiga bomba la shule linalovuja.
Sekunde ya ishirini nikaona aibu.
Ya arobaini akaja nyuki, akanywa, akaondoka.
Hakualikwa na mtu. Sikumpanga.
Semkiwa alimrudisha ukutani mara tatu.

Siku ya pili, sauti. "Fumbeni macho."
Tanga niliyoifunika kwa nyimbo miaka yote
kumbe ilikuwa ikisema chini ya nyimbo:
mnyororo, kengele, mnyororo,
mtu anasugua sufuria kwa mchanga,
mnyororo.

Nikaufuata mpaka Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano,
kibanda cha Mbaruku Kidege, fundi baiskeli.
Grisi mpaka viwikoni.
Na juu ya kichwa chake, imening'inizwa kwa kamba ya mkonge,
baiskeli ya kike, ya kijani,
haina vumbi hata chembe.

Nikauliza: Ulianza lini? Wateja wangapi kwa siku?
Changamoto zako ni zipi?
Akanijibu kama anavyojibiwa karani wa kata.

Jioni Semkiwa akavua vile visikilizio.
"Umemuuliza sana, hujamsikia.
Akimaliza jibu, hesabu hadi kumi, kimoyomoyo.
Watu huweka neno lao kwenye saba, au nane."

Kesho yake nikauliza moja tu:
Ile ya juu ni ya nani?
"Ya mteja."
Moja. Mbili. Spoku ikalia kidogo. Tatu.
Nne, akaitafuta spana
iliyokuwa mkononi mwake.
Tano. Sita.
Saba:
"Aliileta nizibe pancha. Akasema narudi sasa hivi."
Nane.
"Miaka kumi na mmoja. Kila Ijumaa naijaza upepo."
Tisa.
"Zima hiyo, dada."

Hilo halikuwa kwenye ratiba ya warsha.
Taa nyekundu inawaka, kadi ina nafasi,
jua la saa kumi limemkaa shavuni vizuri kabisa.
Nikazima.
Aliyonieleza baada ya hapo
hayamo kwenye filamu, na humu hayamo.

Siku ya nne ilikuwa ya kutupa.
Nikatupa maswali yangu, nikatupa sauti yangu,
nikautupa hata ule moyo mwekundu
ambao kidole kilikuwa kimeshauchomeka kwa mazoea.

Siku ya tano shuka la mama mlinzi likatundikwa ukutani.
Semkiwa ana tiketi ya basi mfuko wa shati:
waja leo, waondoka leo.
Dakika nne na nusu.
Kidege kaja na kanzu ya Iddi,
anaitazama mikono yake, mikubwa kama milango,
na ile ya kijani, juu, haisemi kitu.

Taa zikawashwa. "Unaonaje, fundi?"

Nikahesabu.
Kwenye saba akainuka.
"Ile nyekundu, ya yule mtoto wa shule.
Mnyororo umelegea. Sikuukaza."
Akatoka mbio, kanzu kaikunja mkononi,
tukaisikia kengele yake ikikata kona.

Kamera zote tatu
zilikuwa zimeshafungwa masandukuni.